Daftari Kwanza, Pini Baadaye: Namna ya Kujifunza Wadudu

Miongozo mingi ya kukusanya wadudu huanza na orodha ya vifaa: wavu, chupa, pini, sanduku. Msomaji hununua, hutoka kwenda kukamata, na baada ya miezi michache huwa na sanduku la vipepeo wazuri ambao hajui walikuwa wakiishi vipi. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Hoja yangu ni kwamba mdudu aliyekaushwa hujibu yale tu aliyoulizwa angali hai. Aliyemkamata bila kumuuliza kitu amebaki na pambo. Kwa hiyo ninakushauri uangalie kwanza, uandike, ufuge ukiweza, na kuua kuwe jambo la mwisho, kwa idadi ndogo na kwa sababu unayoweza kuitaja. Sisemi hivi kwa huruma peke yake, ingawa huruma si kosa. Nasema hivi kwa sababu historia ya elimu ya wadudu inaonyesha kwamba sanduku lisilo na daftari limewapotosha hata mabingwa.

Chukua kisa cha Papilio dardanus, kipepeo wa misitu mingi ya Afrika, ikiwemo ya Kenya na Tanzania. Dume ana rangi ya manjano hafifu yenye michoro myeusi, na mabawa yake ya nyuma yana mikia. Majike, katika sehemu kubwa ya bara, hawana mikia na hawafanani na dume hata kidogo: huyu ni mweusi kwa mweupe, yule ni mweusi na rangi ya chungwa, kila mmoja akiiga kipepeo wa jamii nyingine ambaye ndege humkwepa kwa ladha yake mbaya. Wataalamu wa Ulaya waliowapokea wakiwa wamekwisha kukaushwa waliwagawa katika aina kadhaa, na ukitazama sanduku huwezi kuwalaumu. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyefanya kazi Cape Town, alitoa hoja kwamba wote hao ni aina moja. Wengi waliiona hoja hiyo kuwa ya ajabu. Ubishi haukumalizwa na sanduku kubwa zaidi. Ulimalizwa na ufugaji: viwavi walilishwa majani hadi wakawa vipepeo, na wakatoka madume ya manjano pamoja na majike wasiofanana nao. Mtu yeyote mwenye kiwavi, majani na subira angeweza kulijua hilo mapema zaidi.

Nawe una mfano wa namna hiyo bustanini kwako. Kipepeo Hypolimnas misippus ni wa kawaida Afrika Mashariki. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yanayozungukwa na mng'ao wa zambarau, na jike ana rangi ya chungwa akimwiga kipepeo mwingine mwenye sumu, Danaus chrysippus. Mkusanyaji wa haraka atamweka dume peke yake, na jike atamchanganya na yule anayeigwa. Atakuwa amekosea mara mbili kwa mdudu mmoja, na sanduku lake litakuwa nadhifu kabisa.

Basi anza na mti mmoja. Uwe ule ulio karibu na mlango, na ukiwa ni mlimau, mndimu au mchungwa, una bahati, kwa sababu humo hutaga Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano na asiye na mikia. Tafuta yai kwenye majani machanga. Utaliona peke yake, la mviringo, la manjano hafifu, lenye upana wa milimita moja hivi. Kiwavi akitoka huwa wa kahawia na mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, na akitulia juu ya jani utadhani ni mavi ya ndege, ndivyo anavyojificha. Anapokua hujivua ngozi mara kadhaa, na katika hatua ya mwisho ya ukiwavi hubadilika ghafla kuwa wa kijani chenye mabaka. Mguse taratibu kwa ncha ya kijiti. Nyuma ya kichwa kitachomoza kiungo laini chenye pembe mbili, cha rangi ya chungwa iliyokolea, pamoja na harufu kali ambayo hutaisahau upesi. Kisha kiungo kitarudi ndani. Hapo umeona mambo mawili ambayo kipepeo aliyechomwa pini hatakuambia kamwe: namna anavyojificha na namna anavyojihami.

Kumfuga si kazi ngumu. Kata tawi dogo pamoja na kiwavi, tumbukiza shina lake kwenye kichupa cha maji, na uzibe mdomo wa kichupa kwa pamba ili kiwavi asitumbukie akazama. Weka vyote ndani ya ndoo au kopo kubwa la plastiki, funika kwa kipande cha chandarua kilichobanwa kwa raba, na uweke kivulini. Chandarua kiwe kisichotiwa dawa. Hili hupuuzwa sana, na chandarua chenye dawa ya mbu kitamuua kiwavi wako bila wewe kujua sababu. Majani nayo yatoke kwenye mti usiopuliziwa sumu. Badilisha majani kila siku na uondoe kinyesi, maana unyevu na uchafu huleta magonjwa. Kiwavi akiacha kula na kuanza kutangatanga, mwekee kijiti kilichosimama. Atafunga ncha ya tumbo lake kwa hariri, atajizungushia uzi wa hariri kiunoni kama mshipi, na baada ya hapo ngozi ya mwisho itapasuka na pupa kubaki. Pupa huweza kuwa ya kijani au ya kahawia, kutegemea alipojishikiza. Ukiwa na viwavi watano, wape baadhi kijiti kibichi chenye majani na wengine kijiti kikavu, kisha uandike matokeo. Hapo tayari umetoka kwenye kutazama na kuingia kwenye jaribio.

Mara nyingine kipepeo hatatoka. Pupa hubadilika rangi, hutoboka, na vijinyigu vidogo kabisa humiminika. Wafugaji wapya huhuzunika. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku yenye somo kubwa kuliko zote, kwa sababu umeshuhudia jinsi vipepeo wanavyozuiwa wasijae duniani. Waweke vijinyigu hao wachache kwenye spiriti, andika tarehe na mti walikotoka. Wadudu wa namna hii ni wengi mno, wanafahamika kidogo, na ni nadra mtu kujua kwa hakika walikuwa wanamla nani. Wewe unajua, kwa kuwa uliwaona wakitoka.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Tumia penseli, kwa sababu wino huenea ukiingia maji au spiriti. Kila unachokiona kiandikiwe tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, mmea au kitu ambacho mdudu alikuwa juu yake, na alichokuwa anafanya. Pima kwa rula badala ya kuandika "mkubwa" au "mdogo". Chora hata kama huwezi kuchora, maana mkono unaolazimika kuhesabu pingili za mguu hulilazimisha jicho nalo lihesabu. Halafu kuna kanuni moja ninayoiona ya lazima: gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja ulichokiona, upande wa pili unachokidhani. "Sisimizi watatu wamekaa karibu na vidukari, mmoja anampapasa kidukari kwa vipapasio vyake" ni cha kuonwa. "Sisimizi wanawalinda vidukari" ni cha kudhaniwa, hata kama ni kweli. Atakayechanganya pande hizi mbili atashindwa kujisahihisha mwaka ujao, kwa sababu hatajua tena alichokishuhudia ni kipi.

Utaniuliza, tarehe na mahali vina maana gani kwa mtu anayetazama wadudu uani kwake? Jibu la kwanza liko baharini. Visiwa vya Maldives karibu havina kabisa maji baridi ya juu ya ardhi, na kerengende huhitaji maji hayo ili kuzaliana. Hata hivyo kila mwaka, kuanzia Oktoba, kerengende hufurika huko. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwani humo, alianza kuandika tarehe za kufika kwao, kisha akazilinganisha na tarehe za kuonekana kwao India na sehemu nyingine. Mwaka 2009 alichapisha hoja yake: kerengende hao, hasa Pantala flavescens, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo, na huwasili kwetu kukiwa na mvua za vuli, wakati madimbwi ya kutagia yamekwisha kujaa. Pepo zilizowaleta mabaharia wa majahazi pwani yetu ndizo zinazowaleta wadudu hawa. Msingi wa ugunduzi huo ulikuwa tarehe zilizoandikwa kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, na mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa viumbe wa baharini.

Jibu la pili linatoka kwa wakusanyaji wakubwa wawili. Charles Darwin alipokuwa Galápagos mwaka 1835 hakuandika kwa makini ni ndege gani mdogo alitoka kisiwa gani, na baadaye ilimbidi ategemee vielelezo vya wenzake wa melini ili kurekebisha pengo hilo. Alfred Russel Wallace, aliyekusanya katika visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia kuanzia 1854 hadi 1862, alijali sana kujua kila kiumbe kimetoka kisiwa kipi, na akapata zaidi ya vielelezo 125,000, vingi vyao vikiwa vya wadudu. Kwa kujua mahali, aliweza kuuona mpaka baina ya viumbe wa Asia na wale wa Australia, mpaka ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kikaratasi kidogo chini ya mdudu ndicho kinachotofautisha elimu na uchuuzi.

Ukishamaliza na mlimau, nenda kwa maji moto. Hawa ni sisimizi wekundu wa miembe, mikorosho, michungwa na minazi ambao kila mtoto wa pwani anawafahamu kwa kuumwa nao. Wengi wanajua wanaishi ndani ya majani yaliyoshonwa. Wachache wamewahi kukaa wakaona ushonaji. Toboa kiota kidogo kwa kijiti kirefu, rudi nyuma hatua mbili, ungoje. Mstari wa sisimizi utashika kingo mbili za jani na kuzivuta zikaribiane, wengine wakishikana viunoni kutengeneza mnyororo pale pengo linapokuwa pana. Kisha watakuja wengine kutoka ndani, kila mmoja amebeba buu jeupe kwenye taya zake. Anamgusisha buu kwenye ukingo huu, anampeleka ukingo wa pili, anamrudisha. Na uzi mweupe wa hariri unabaki. Mashine ya kushonea ni mtoto. Sisimizi mkubwa hana hariri hata kidogo. Mweke maji moto huyo kwenye sanduku, umpe pini na jina lake sahihi, Oecophylla longinoda, na hakuna kiungo chake kitakachokueleza habari hiyo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya watoto, au ya watu wasio na shughuli. Kwa pingamizi hili naomba tubaki na maji moto hao hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Kiingereza, M. J. Way, alichapisha kazi yake kuhusu minazi ya Zanzibar. Vidaka vilikuwa vinapukutika kabla ya wakati, na sababu kubwa ikaonekana kuwa mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza nazi changa. Minazi iliyotawaliwa na maji moto ilipona, kwa kuwa maji moto humwinda mdudu huyo. Lakini aina nyingine ya sisimizi, wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, hujenga chini ya mnazi na kuwafukuza maji moto, na hapo vidaka huanza kuanguka tena. Kwa hiyo mazao ya mkulima yalitegemea vita baina ya sisimizi na sisimizi, na vita hivyo haviwezi kuonekana ila kwa kukaa chini ya mnazi na kutazama nani anapanda na nani anashuka.

Au chukua viwavijeshi vamizi, walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 wakitokea Amerika, na kufika Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Viwavi wanaokula mahindi ni wa aina nyingi, na hatua za kuchukua hutofautiana. Huyu mgeni hutambulika kwa mambo mawili yanayoonekana kwa macho: mstari hafifu wa umbo la herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa kimraba karibu na mwisho wa mwili. Mkulima aliyezoea kumgeuza kiwavi mkononi na kumtazama usoni atalijua tatizo lake mapema, kiwavi akiwa bado mdogo na hajajificha ndani ya moyo wa mhindi. Pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, elimu hii imekuwa pia riziki: tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao yake Gede, umewawezesha wanavijiji kufuga viwavi na kuuza pupa hai zinazopelekwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kinachouzwa pale, ukichunguza, ni ujuzi wa kiwavi yupi anakula jani lipi.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka upande wa pili: kama kutazama kuna faida hivyo, kwa nini tuue hata mmoja? Simu inapiga picha, na programu kama iNaturalist hukupendekezea jina na kukuunganisha na watu wanaojua. Nakubali nusu ya hoja hii kwa moyo mkunjufu. Kwa vipepeo wakubwa, kerengende na mbawakawa wenye rangi, picha nzuri yenye tarehe na mahali inatosha kabisa, na anayeua pale ambapo picha ingetosha hana udhuru. Nusu ya pili siikubali. Aina nyingi za wadudu haziwezi kutambulika kwa picha, kwa sababu alama zake ziko kwenye mishipa ya bawa, sehemu za mdomo, au viungo vya uzazi vinavyohitaji darubini. Mbu wa malaria ni ushahidi wa kutosha. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hufanana kiasi kwamba hutofautishwa kwa vipimo vya maabara. Na huyo wa pili huelekea zaidi kuuma ng'ombe na kuuma nje ya nyumba, kwa hiyo kuwachanganya ni kukosea juu ya namna ya kujikinga. Picha haisaidii. Kielelezo kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kufanyiwa kipimo ambacho leo hakijavumbuliwa.

Kuhusu ukatili na kumaliza wadudu: kinachowapunguza wadudu kwa kiwango kikubwa ni misitu inayokatwa, mabwawa yanayokaushwa na sumu zinazopuliziwa ovyo. Daftari na chupa yako havifiki huko. Lakini jibu hilo lisitumike kama ruhusa ya jumla. Wapo wadudu wanaoishi sehemu finyu tu, kama baadhi ya wale wa misitu ya Usambara, na kwao hata mkusanyaji mmoja mwenye uchu ni wengi. Kanuni yangu ni kwamba usichukue mdudu usiyeweza kuandika, kwa sentensi moja, kwa nini umemchukua. Usikusanye ili kushindana kwa idadi, na usinunue wala kuuza wadudu waliokamatwa. Ndani ya hifadhi za taifa na hifadhi za misitu usiokote chochote bila kibali; utafiti rasmi una taratibu zake, kwa Tanzania kupitia tume ya sayansi, COSTECH, na kwa Kenya kupitia tume yake, NACOSTI, na kumvusha mdudu mpakani ni suala jingine lenye vibali vyake. Ua wa nyumba, shamba na shule vinakutosha kwa miaka.

Vifaa, basi, ni vichache. Mwavuli uliofunguliwa na kugeuzwa chini ya tawi, kisha tawi likapigwa fimbo mara mbili tatu, utakupa wadudu ambao hukujua wapo. Shuka jeupe likitundikwa ukutani usiku na taa mbele yake huleta nondo, mbawakawa, vunjajungu na wengineo. Usiku usio na mbalamwezi ndio mzuri, na usiku wenye joto na unyevu ni bora zaidi. Kikombe kilichofukiwa hadi mdomo wake ulingane na ardhi huwanasa watembeao. Kifunike kwa kigae kilichoinuliwa kwa vijiwe ili mvua isiingie, na ukikague kila asubuhi ili wasife bure. Brashi laini ya rangi huokota mdudu mdogo bila kumvunja. Lenzi ya kukuzia mara kumi ndiyo kifaa pekee ambacho ningekushauri utoe fedha.

Ukiamua kuhifadhi, njia salama ya kuua ni friza: mweke mdudu kwenye kichupa, acha usiku mzima na mchana wake. Achana na sumu za chupa ambazo vitabu vya zamani huzisifu, hasa kama kuna watoto. Wenye miili laini, kama viwavi, mchwa na vidukari, wahifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80, kwa sababu wakikauka husinyaa. Wengine huchomwa pini kifuani. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na mbele, ili katikati na upande wa kushoto vibaki vizima kwa atakayetaka kuchunguza. Pini za fundi cherehani zinafaa kwa kujifunzia, ila hushika kutu. Kwa sanduku la kudumu tafuta pini maalumu zisizoshika kutu. Pwani adui mkubwa ni ukungu, na wa pili ni sisimizi. Kausha vielelezo kikamilifu kabla ya kufunga sanduku, weka ndani vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya mafuta. Nafthalini husaidia, lakini mvuke wake una madhara, kwa hiyo sanduku lenye nafthalini lisikae chumba cha kulala.

Kila mdudu apate kikaratasi chake siku ile ile, kabla hujalala: nchi, mkoa, wilaya, mahali penyewe, tarehe yenye mwaka kamili, mmea au mazingira, na jina lako. "Tanzania, Tanga, Muheza, bustani ya nyumbani, kwenye jani la mlimau, 14 Aprili 2025." Ongeza namba inayolingana na ukurasa wa daftari. Jina la mdudu linaweza kungoja hata miaka kumi, kwa sababu litapatikana kwa kumtazama yeye. Mahali na tarehe vikipotea vimepotea.

Neno kuhusu usalama, kwa ufupi. Mizinga ya nyuki na viota vya dondora vitazame kwa mbali. Siafu wakiwa safarini simama kando ya njia yao, usiivuke. Viwavi wenye manyoya usiwashike kwa mikono mitupu. Na kuna nairobi flai, mbawakawa mwembamba mwekundu mwenye kichwa na mkia mweusi, anayejaa msimu wa mvua kubwa, kama ilivyokuwa Kenya wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, na ngozi huungua pale mtu anapomponda. Mpulize aondoke, kisha osha mahali alipopita kwa sabuni.

Usifanye kazi hii peke yako ukiweza kuikwepa hali hiyo. Watoto wa shule wana macho mazuri na wana muda. Warina asali, wakulima na wazee wanaojua mchwa upi hutoa kumbikumbi mwezi gani wana maarifa ambayo hayajaandikwa popote, nayo yaingie daftarini pamoja na jina la mahali na tarehe uliyoambiwa. Vielelezo vyako vikiwa vingi na vyenye vikaratasi kamili, wasiliana na makumbusho au idara ya zoolojia ya chuo kikuu kilicho karibu. Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi yana hazina kubwa ya wadudu, na jijini humo pia kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Risley Odhiambo. Waulize kwanza wanahitaji nini, maana wao hujali vikaratasi kuliko uzuri wa mabawa.

Na kama unasoma haya mvua za vuli zikiwa zimekaribia, mlimau unaweza kungoja. Anza na kumbikumbi. Tafuta kichuguu mchana, ukiweke alama. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, andika saa iliyokatika, na andika saa kumbikumbi wa kwanza alipotoka, maana aina mbalimbali za mchwa hurusha wana wao kwa saa tofauti, wengine jioni, wengine usiku. Kamata wawili watatu utazame mabawa: manne, yote ya urefu karibu sawa, tofauti na ya sisimizi wenye mabawa, ambayo ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Fuata jozi moja chini, jike mbele na dume nyuma, mabawa yakiwa yamekwisha kudondoshwa, hadi watakapoanza kuchimba. Pima umbali kutoka kwenye kichuguu walichotoka, chomeka kijiti hapo, uandike namba.